Mfanyakazi wa Nyumbani Naye Ana Sheria



Sheria za kazi zinapobadilika, wengi wetu huzisoma magazetini kana kwamba zinawahusu wenye viwanda, mabenki na migodi tu. Mwajiri, katika mawazo yetu, ni mtu mwenye ofisi, mhuri na gari. Basi mapema mwaka 2025 Bunge lilipoyarekebisha masharti ya ajira, na Oktoba ya mwaka huohuo Serikali ilipotangaza kima kipya cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, kilichoanza tarehe 1 Januari 2026, tuliona hizo ni habari za wakubwa. Lakini mama muuguzi anayemwachia msichana watoto tangu alfajiri, mwalimu aliyemweka kijana achunge ng'ombe wake, mwenye duka aliyemleta binti wa ndugu kutoka kijijini apike na kufua, hao wote ni waajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewataja waziwazi wasioguswa nayo katika Tanzania Bara: walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Jiko letu halimo katika orodha hiyo.

Tunajua jibu litakalotolewa, maana tumelisikia mara nyingi katika jumuiya zetu: "Huyu si mfanyakazi, tumemchukua kama mwanetu." Neno hilo ni zuri, na zipo nyumba ambamo ni la kweli. Lakini aghalabu mtoto wa nyumba hulala saa tatu, naye "mwanetu" huyu angali anaosha masufuria. Mtoto wa nyumba huenda shule, naye hubaki akifagia uwanja. Kama ni mtoto kweli, na asome. Kama ni mfanyakazi, na alipwe. Akiwa chini ya umri wa miaka 14, sheria haimruhusu mtu kumwajiri kabisa, hata wazazi wake wawe wamekubali na kushukuru.

Tuje kwenye mshahara, maana hapo ndipo penye ubishi. Mwaka 2013 kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilikipandisha hadi 60,000. Kwa yule anayefanya kazi na kurudi kwake jioni, amri hiyohiyo iliweka 120,000. Waliokuwa kwa wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa waliwekewa 250,000. Kisha ikaja amri ya 2025, ambayo kwa wastani ilipandisha kima cha sekta binafsi kutoka 275,060 hadi 358,322. Hivyo anayeendelea kulipa kwa hesabu ya mwaka 2023, huku akijiona ametimiza yote, hana budi kuitafuta amri hiyo mpya na kusoma fungu la wafanyakazi wa nyumbani.

Zitazameni tena zile tarakimu mbili za 2022. Anayelala kwake, 120,000. Anayelala kwetu, 60,000. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Bila shaka ni chakula na kitanda. Yaani aliyeandika amri alikwisha kutukatia gharama ya ugali, maharage na godoro, tena kwa ukarimu mkubwa kwetu sisi waajiri. Sasa yule anayempa binti shilingi 30,000 na kusema, "lakini anakula hapa na kulala hapa," anakata chakula kilekile mara ya pili. Katika hesabu ya duka tungeliita jambo hilo kwa jina lake.

Yapo makato mengine. Sahani imevunjika, pasi imeunguza shati, simu ya mtoto imepotea: mwisho wa mwezi mshahara wote umekwisha. Sheria hairuhusu hivyo. Mwajiri anayedai fidia ya hasara hana budi kumweleza mfanyakazi kwa maandishi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kujitetea, apate ridhaa yake kwa maandishi, na hata hapo jumla ya makato isizidi robo ya ujira. Tena ujira ni wa aliyefanya kazi. Kumtumia mama yake kijijini fedha yote kwa simu, au kumkabidhi shangazi "aliyemleta," pasipo binti mwenyewe kuamua hivyo, si kumlipa.

Hatusemi haya kwa kusahau hali za waumini wetu. Wapo waajiri ambao mshahara wao wenyewe haufiki katikati ya mwezi, na bila mtu wa kushika mtoto hata huo wangeukosa. Twawaonea huruma kwa dhati. Lakini umaskini wa mwajiri hauwezi kulipwa na aliye maskini kuliko yeye. Amri ya mishahara huweka kima kwa saa, kwa siku na kwa juma pia, si kwa mwezi tu. Asiyeweza kumlipa mtu wa kulala aajiri wa kufua siku mbili kwa juma; majirani wawili au watatu wamlipe kwa pamoja mama mmoja awatunzie watoto mchana. Linalotushinda kulikubali ni kumchukua mtu mzima, usiku na mchana, kwa bei ya nusu mtu.

Marekebisho ya 2025 yalileta jambo ambalo sisi katika Tume tulilifurahia sana. Likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sasa mama aliyejifungua mtoto njiti huongezewa muda uliosalia hadi kutimia majuma 40 ya mimba. Atakayenufaika ni nani? Karani wa benki, bila shaka, na ni haki yake. Msichana wa kazi, tumbo linapoonekana tu, hufungiwa virago vyake na kupelekwa stendi ya mabasi, akiwa na nauli ikiwa ana bahati. Sheria inasema mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, na aliyetumikia mwaka au zaidi huwa na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi.

Wengine hujifariji kwamba hawakuandikiana lolote. Hapo wamejidanganya vibaya. Sheria humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Asipoyaonyesha shauri linapofika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo wa kuthibitisha walichopatana humwangukia yeye. Aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake huko, nao wengi huzipoteza siku hizo wakilia kwa ndugu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Viongozi wa jumuiya, waambieni mapema.

Neno kwa halmashauri za walei. Kila parokia ina mlinzi, na nyingi zina mpishi. Mlinzi anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku zote saba, anafanya kazi saa 84 kwa juma. Kikomo cha kawaida ni saa 45, na saa za usiku huongezewa asilimia tano. Tunaomba hesabu hiyo ifanywe katika kikao kijacho, kabla ya agenda ya ukarabati wa ukumbi, na mlinzi mwenyewe aitwe asikie.