Mjomba, Kijana na Ndege ya Kwenye Picha

Mwezi huu ninajibu barua ya mama mmoja wa Mlali, mkoani Morogoro. Mwanawe wa miaka 14 hukusanya picha za ndege za zamani zisizoonekana tena angani, huzibandika kwenye daftari na kutafuta jina la kila moja. Mama hakuona ubaya wowote, mpaka siku ya sherehe ya kipaimara jamaa walipotazama picha za ukoo.

Katika picha moja bibi amesimama kando ya ndege, amepakata mtoto mchanga. Mjomba akaeleza kama alivyoeleza miaka yote: ndege hiyo ni Fokker, mwaka ni 1972, na mtoto ni huyu mama aliyeniandikia. Kijana akasema mbele ya wageni kwamba mjomba amekosea. Mjomba akaondoka bila kula. Mama anauliza, "Je, nilichome moto daftari hili?"

Dada yangu, usilichome. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kwa jinsi ulivyoieleza picha, kijana amesema kweli. Fokker Friendship bawa lake liko juu ya madirisha, na ikiwa chini husimama sawasawa. Hiyo yenu bawa liko chini, pua imeinuka na mkia umelala karibu na ardhi. Hiyo ni Dakota. Walakini Dakota peke yake haitoshi kumkatalia mjomba, maana Shirika la Ndege la Afrika Mashariki liliendelea kuzirusha hadi miaka ya 1970. Jambo kubwa ni herufi zilizoandikwa ubavuni: VP-K. Hizo zilikuwa herufi za Kenya wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 zikaja 5Y, kama vile zetu za VR-T zilivyoiachia nafasi 5H. Na mjomba akiuliza ndege ya Kenya ilitafuta nini Tanganyika, mwambie shirika lilikuwa la nchi zote tatu tangu 1946 hadi lilipovunjika mwaka 1977.

Kwa hiyo picha hiyo ilipigwa miaka mingi kabla hujazaliwa. Naona hili ndilo linalokuumiza, ingawa umeliandika kwa mstari mmoja tu, mwishoni: hiyo ndiyo picha pekee uliyodhani ni yako ya utotoni. Na umeandika pia kwamba bibi alikuwepo siku ile, akanyamaza.

Ndege inaweza kutuambia ni miaka gani. Haiwezi kutuambia mtoto ni nani. Anayejua ni mama yako. Huenda ni ndugu yako mkubwa aliyefariki mapema, na huenda mjomba alisema 1972 kwa kumhurumia dada yake. Huenda pia alisahau tu. Nenda kwake jioni, ninyi wawili peke yenu, bila kijana na bila daftari. Mwonyeshe picha, umwulize alikuwa anasafiri kwenda wapi. Usianze na habari za mtoto. Akitaka kusema atasema, asipotaka, mwache.

Kuhusu kijana: kosa lake ni namna alivyosema. Huko Uluguruni mjomba si mtu wa kusahihishwa hadharani na mtoto wa dada yake. Aende akamwombe radhi, na asianze kueleza herufi mpaka aulizwe. Siku nyingine aulize kwanza: "Mjomba, herufi hizi maana yake nini?"

Tena mwonye jambo moja. Kambi ya ndege za jeshi ya Ngerengere haiko mbali nanyi, na kijana mwenye simu na hamu ya ndege adimu aweza kushawishika. Kupiga picha maeneo ya jeshi ni marufuku. Picha za zamani zinamtosha. Mpe kazi ya kutafuta Dragon Rapide, ile yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, ambayo shirika lilianza nazo sita.

Niandikie tena ukishaongea na mama.