Kupiga Maji Siyo Mila Yote

Kwetu Katanga, kuanzia Kasenga mpaka Kilwa na Pweto, mutoto wa muvuvi anajua kutumpula mbele hajajua kuandika jina lake. Wavu unatandwa kuzunguka majani ya ziwa, halafu muvuvi ndani ya mtumbwi anapiga maji kwa mti wenye kichwa kinene. Kishindo kinashuka, samaki anastuka, anakimbia, anaingia wavuni mwenyewe. Hakuna chambo wala ndoana. Ni kelele tu.

Juu ya jambo hili, sisi watu tuliosoma tuna maneno mawili, na yote mawili yanapotosha. La kwanza ni hili: «Ile ni mambo ya basenji, haina akili.» La pili linasemwa hata katika mikutano ya utamaduni: «Bazee njo walituachia, muache watu watumpule.» Ninataka kujibu yote mawili, maana kati ya dharau na sifa za bure, samaki wanaisha.

Tuanze na wale wa dharau. Katika hewa sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde moja. Katika maji inakaribia mita 1.500. Samaki ana sikio ndani ya kichwa, na ubavuni ana mstari unaosikia kila mutikisiko wa maji. Muvuvi wetu hakusoma hayo darasani, lakini alijua kwamba samaki anafukuzwa na kishindo, na anajua atakimbilia upande gani. Huko Marekani, mwaka wa 2002, waliweka umeme katika mfereji wa Chicago ili kuzuia samaki wageni wasifike kwenye maziwa makubwa. Mwaka wa 2019, kwenye mlango wa meli wa Barkley, Kentucky, waliweka sauti, taa na mapovu ya hewa kwa kazi ileile. Wale wanaitwa wainjinia. Wetu anaitwa musenji. Kwa nini? Wote wawili wanamwongoza samaki kwa kitu asichoweza kukivumilia.

Sasa wale wa sifa. Ndugu zangu, ninyi mnaniuzi zaidi, kwa sababu mnasema kwa jina la wazee. Wazee waliacha kelele peke yake? Katika mabwawa ya bonde la Luapula kulikuwa na mwenye maji. Yeye njo alifungua uvuvi, baada ya kuomba mizimu, na mbele ya siku ile hakuna aliyeingia. Nyavu zilisukwa kwa nyuzi za miti. Zilioza, zilihitaji kuanikwa, na zikianikwa maji yanapumzika. Kulikuwa na siku ya kishindo na siku ya kimya. Leo tumeshika kishindo, kimya tumekitupa. Nailoni haiozi, mwenye maji haulizwi tena, na mahali pengine chandarua kilichotolewa kwa kukinga malaria kinavuta hata samaki wa jana. Mutu akichukua nusu ya neno la baba yake, halafu aseme «baba alisema hivi», tunamwita nani? Tunamwita mwongo.

Tena tuangalie kishindo kinapigwa wapi. Kinapigwa pembeni, kwenye majani, maji mafupi. Pale njo nyumba ya uzazi. Samaki tunayemwita pale, yule mpana anayependwa sana sokoni, mama yake anabeba mayai na watoto kinywani. Akinaswa au akistuka sana, anawatema. Basi muvuvi anarudi na samaki mmoja ndani ya mtumbwi, na nyuma yake ameacha ukoo mzima bila kinga.

Mwingine atanijibu: «Mwalimu, pumbu walimalizwa na kutumpula?» Hapana. Pumbu walikuwa wanapanda Luapula kwa mvua ili watage, na nyavu ziliwangoja njiani. Soko la Kasenga lilikuwa linalisha wafanyakazi wa migodi, na kati ya miaka ya 1940 na 1950 pumbu walivunjika. Kosa lile ni la biashara, siyo la muti wa mzee. Lakini somo ni lilelile: samaki akikamatwa saa ya kuzaa, hata ziwa kubwa haliwezi kuvumilia.

Kwenye ziwa Tanganyika watu wanatumia mwanga mahali pa kelele. Zamani waliwasha moto katika mtumbwi, wakachota ndakala kwa lusenga. Kisha zikaja taa za mafuta, na leo ni taa za betri. Pale mwezi mwenyewe alikuwa polisi: ukijaa, ndakala hawakusanyiki tena kwenye taa, na wavuvi wanalala. Kule Mweru hakuna mwezi wa kuzuia kelele. Ni sisi tu tunaoweza kuizuia.

Ninajua kilio cha wavuvi: njaa, karo ya watoto, vizuizi vya barabarani. Ninakiheshimu. Lakini ng'ambo ya pili, Zambia, sheria inakataza kutumpula, na kila mwaka uvuvi unafungwa kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari. Samaki hawana pasipoti. Wakipumzishwa ng'ambo moja na kufukuzwa ng'ambo nyingine, hawakupumzika.

Basi ninaomba mambo matatu. Shirika letu lisiandike tena kutumpula katika orodha ya mila bila kuandika pembeni yake mwenye maji na siku zake. Walimu wenzangu wa fizika na biolojia wamlete muvuvi mzee darasani, aeleze kishindo, na wanafunzi wapime mwendo wa sauti. Hapo mutoto ataona kwamba akili haikuja na meli. Na machifu wetu warudishe siku za kimya, wakianza na kingo za majani wakati wa kuzaa.

Kumfukuza samaki ni ufundi. Kujua wakati wa kumwacha njo ilikuwa mila. Asiyetaka hiyo ya pili asitutajie wazee.