Mama Anapokabwa Koo

Mwezi huu tunaiweka malaria pembeni, tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi hulificha hata kwa muuguzi.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na waume, wapenzi au ndugu zao wenyewe. Ni kama 140 kila siku. Afrika ndiyo iliyoongoza: katika kila wanawake laki moja, karibu 3 waliuawa hivyo, wakati Ulaya haikufika hata 1. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Nairobi, ambako Januari 2024 watu waliandamana kupinga mauaji ya wanawake. Sisi tunaosafisha vidonda hapa Pemba hatuthubutu kusema hivyo.

Afrika Kusini hali ilikuwa mbaya kupita kiasi. Watafiti walihesabu kutoka vyumba vya maiti, wakaona kuwa mwaka 1999, katika kila wanawake laki moja, 9.5 waliuawa na waume au wapenzi wao. Mwaka 2017 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hadi 4.9. Bado ni kubwa mno, lakini imepungua karibu nusu, na sheria ya mwaka 2000 ya kudhibiti bunduki inatajwa kuwa ilisaidia. Basi tusiambiane kwamba wanaume ndivyo walivyoumbwa.

Kwetu huku tunachokiona si risasi, ni mikono. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake yumo katika hatari ya kuuawa naye kama mara saba zaidi ya yule anayepigwa bila kukabwa. Shingo yaweza isiwe na alama hata moja. Tazameni sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, vidoto vyekundu machoni, kizunguzungu, au kama alijikojolea. Hali yaweza kubadilika ghafla hata baada ya siku moja au mbili. Akiwa mjamzito, msingoje kukuche.

Nasi wauguzi tuna lawama yetu. Mama huletwa na wifi au mkwe, maswali yote hujibiwa na huyo aliyemleta, nasi tukaandika “ameteleza chooni”. Siku hizi msindikizaji tunamwomba atoke kwanza.

Wazee wa Jumuiya, suluhu zenu tunaziheshimu kwa ugomvi wa maneno na fedha. Lakini aliyekabwa koo msimrudishe kwa mumewe usiku ule ule, eti ndoa ni sakramenti. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inamruhusu aliye hatarini kutengana na mwenzake, muulizeni paroko. Mleteni hospitali kwanza, au mpelekeni kituo cha Mkono kwa Mkono, Chake Chake. Na anayemsindikiza awe mtu ambaye yeye mwenyewe amemchagua.