Mkono wa Daktari Ujifunzie Wapi?

Kila daktari mpasuaji ana mgonjwa wake wa kwanza. Hata bingwa mwenye mvi, ambaye watu husafiri kutoka Bukoba na Musoma kumfuata Mwanza, ilikuwapo siku aliposhika kisu kwa mara ya kwanza, na chini ya kisu kile alikuwapo mtu. Mtu huyo alikuwa nani? Aghalabu hakuwa tajiri wala mkubwa. Waarabu wana methali isemayo kwamba mpiga chuku hujifunzia kazi yake kwenye vichwa vya mayatima. Methali hiyo ni ya zamani, lakini mke wa kibarua wa Nyakato au mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, alalapo juu ya kitanda cha hospitali huku amezungukwa na vijana wenye makoti meupe, huielewa bila ya kufasiriwa.

Ndugu msomaji, tusiwalaumu vijana hao. Hapana taifa linaloweza kupata madaktari pasipo wanafunzi wa udaktari, na hapana mwanafunzi anayeweza kuwa daktari kwa kusoma vitabu peke yake. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachotazama mji na ziwa, ni hospitali ya rufaa kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na tangu mwaka 2003 kilima hicho kina pia chuo kikuu kinachofundisha udaktari. Kila mgonjwa aliyemkubali mwanafunzi kando ya kitanda chake amelisaidia taifa. Swali letu leo ni jingine: je, ni lazima mkono wa mwanafunzi uanze kukosea juu ya mwili wa binadamu?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa ndiyo. Katika shule za tiba duniani ilizoeleka kanuni fupi: tazama operesheni moja, fanya moja, kisha fundisha moja. Mwalimu alisimama karibu, akaelekeza, akakemea, na pale ilipobidi akashika kisu yeye mwenyewe. Njia hii imetoa madaktari wengi wazuri, wala haitakoma, kwa maana hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya mgonjwa halisi na mwalimu mzoefu. Lakini ina kasoro moja kubwa: kosa la kwanza, ambalo kila mwanagenzi hulifanya, hulipwa na mtu asiyelijua.

Hebu tumtazame mvuvi wa Ukerewe. Hamfundishi mwanawe kushona nyavu usiku, katikati ya ziwa, mawimbi yakipiga mtumbwi. Humketisha ufukoni, mchana, akampa kipande cha wavu uliochakaa, sindano na uzi. Mtoto hufunga fundo, likafunguka. Hufunga tena, likakaa vibaya. Hufunga mara mia. Siku atakapopelekwa majini vidole vyake vitakuwa vimekwisha kujua kazi, na akili yake itakuwa huru kutazama upepo. Vifaa vya kuigizia upasuaji ndivyo wavu huo uliochakaa.

Baadhi ya vifaa hivyo havina gharama kubwa. Fundo la mpasuaji hujifunzwa kwa kamba iliyofungwa kwenye mguu wa kiti, hadi mtu aweze kulifunga kwa mkono mmoja bila ya kutazama. Ushonaji wa ngozi huanza kwa kipande cha sponji, kitambaa kizito au ganda la ndizi. Kisha huja mguu wa mbuzi kutoka buchani, ambao ngozi yake huivuta sindano karibu kama ngozi ya mtu. Utumbo wa mbuzi, uliooshwa vizuri, hufundisha kuunganisha utumbo wa binadamu: ukiujaza maji baada ya kuushona, mshono mbaya huvuja papo hapo, mbele ya macho ya aliyeushona. Hapo kosa halimuumizi mtu yeyote.

Fikra hii si ngeni. Katika karne ya 18 mkunga wa Kifaransa, Angélique du Coudray, alitengeneza sanamu ya kiuno cha mwanamke pamoja na mtoto kwa kitambaa na ngozi. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 alimpa kibali cha kuzunguka nchi nzima, naye akawafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma, namna ya kumzalisha mama salama. Karne mbili baadaye, mwaka 1960, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto wa mji wa Stavanger huko Norway, Asmund Laerdal, alitoa sanamu ya kujifunzia kumpulizia pumzi mtu aliyezimia. Kazi aliyokuwa akiifanya ili kuwafurahisha watoto ikageuka kuwa kazi ya kuokoa maisha.

Sasa turudi nyumbani. Operesheni kubwa inayofanywa mara nyingi zaidi katika hospitali za wilaya ni ile ya kumzalisha mama aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Na pale mtoto anapotolewa, operesheni huwa na wagonjwa wawili. Huku mpasuaji anazuia damu ya mama, kule mtu mwingine anamtazama mtoto aliyelegea, asiyelia. Mtoto huyo ana takriban dakika moja tu, ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu, ya kukaushwa, kusisimuliwa, na asipopumua, kuwekewa kinyago usoni na kupewa hewa kwa mfuko wa mpira. Katika dakika hiyo hapana nafasi ya kufungua kitabu.

Kwa ajili ya dakika hiyo ipo sanamu ya mtoto mchanga ambayo hujazwa maji ili iwe na uzito wa mtoto kweli. Mwalimu akibonyeza kibofu kidogo cha mpira, kitovu hupiga mapigo. Akibonyeza kingine, sanamu hulia au hupumua. Mwanafunzi akishika kinyago vibaya, kifua hakipandi. Ipo pia sanamu inayovaliwa na mwalimu tumboni, yenye kondo la nyuma na mfuko wa kimiminika chekundu, ambayo huweza "kuvuja damu" kwa ghafla, ili mkunga ajizoeze kutenda pasipo kutaharuki.

Je, sanamu hizi zinaokoa watu, au ni mchezo tu? Nchi yetu ni miongoni mwa zilizotoa jibu mapema. Kuanzia mwaka 2009 mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue yalianzishwa katika hospitali 8 za Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini lipo somo la pili, nalo ndilo tunaloomba kila msomaji alishike. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Walipopimwa mbele ya sanamu, walifanya vizuri zaidi kuliko zamani. Lakini walipotazamwa wodini, mbele ya mtoto halisi, utendaji wao haukuwa umebadilika. Ujuzi ulibaki darasani. Ndipo hospitali ikabadili utaratibu: sanamu ikawekwa karibu na chumba cha kuzalishia, na wahudumu wakajizoeza dakika chache tu, lakini kila wiki. Hapo ndipo vifo vya watoto wachanga katika siku ya kwanza vilipopungua, kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Somo hilo ndilo lililopelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara yaliunganishwa na vyombo bora vya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, pamoja na kuzitazama takwimu za kituo chenyewe ili kujua wapi pana udhaifu. Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa mwaka 2025, vifo vya watoto wakati wa uchungu na katika siku ya kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000. Hata hivyo mikoa haikufaidika sawasawa. Sanamu si hirizi. Haifai kitu pale ambapo mkunga mmoja anahudumia akina mama wengi kupita kiasi, damu ya akiba haipo, au taa za chumba cha upasuaji zimezimika.

Wala haifai kitu ikifungiwa kabatini. Jambo hili ni la aibu lakini hapana budi lisemwe: kifaa cha mafunzo kinachopokewa kwa hotuba na picha, kisha kikatiwa kufuli kwa kuhofia kitaharibika au kuibiwa, hakijamfundisha mtu. Sanamu inayofanya kazi ni ile iliyochakaa, yenye viraka.

Mwezi Juni mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, na mama mwenye uchungu kutoka Sengerema hangoji tena kivuko ili afike Mwanza. Ni hatua kubwa. Lakini daraja humfikisha mgonjwa mlangoni tu. Kilichoko ndani ya mlango hutegemea mikono, na mikono hiyo ina umri wa mazoezi yake, si umri wa cheti kilichotundikwa ukutani.

Kwa hiyo, wananchi tulio wajumbe wa bodi za hospitali na kamati za vituo vya afya tunayo maswali mepesi ya kuuliza katika kikao kijacho. Je, kituo chetu kina sanamu ya mafunzo? Iko wapi, na ufunguo anao nani? Wahudumu walijizoeza lini mara ya mwisho? Vivyo hivyo, si ufidhuli kwa mgonjwa au mumewe kuuliza kwa adabu ni nani atakayefanya operesheni na ni nani atakayemsimamia. Mwalimu mwema hachukizwi na swali hilo.

Na kijana anayeingia wodini kujifunza apokewe kwa heshima, maana kesho ndiye atakayetuhudumia. Sisi tumpe ruhusa ya kujifunza kwetu. Yeye naye, kabla hajaja kitandani petu, awe amekwisha kukosea mara mia mahali ambapo hakuna wa kuumia.