Orodha ya Programu za Mashini ya Kura Itoke: Ombi Moja Linatosha

Wandugu,

Sisi vijana wa Kingi, pamoja na wenzetu wa Masisi na Walikale, tuko na neno kwa CENI, kwa Leta, na kwa kila kampuni inayotunza majina yetu, alama za vidole vyetu na franga zetu ndani ya mashini. Mtuonyeshe mashini hizo zimeundwa na nini. Hatuombi siri ya mtu. Tunaomba orodha.

Juu ya nini orodha? Hakuna programu inayoandikwa yote kuanzia sifuri. Wanaoiandika wanachukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na wengine, mamia ya vipande, wanaviunganisha. Kila kipande kiko na jina na namba ya toleo. Siku kipande kimoja kinagunduliwa kuwa na tundu ambamo mwizi anaweza kupitia, tundu hilo linapewa namba na kuandikwa mahali pa wazi. Kazi hiyo ya kutoa namba, inayoitwa CVE, ilianza mwaka 1999. Mwaka 2024 peke yake yaliandikwa matundu karibu 40,000.

Mwezi wa 12 mwaka 2021 dunia nzima ilitetemeka juu ya kipande kimoja tu, Log4j, kilichokuwa ndani ya programu nyingi bila wenyewe kujua. Swali lilikuwa dogo sana: je, sisi pia tuko nacho? Aliyekuwa na orodha alitafuta jina moja, akajibu. Asiyekuwa nayo alipekua ordinatere moja moja, na wezi wakati huo wanajaribu milango.

Kuna mtu atasema kazi hii ni ya mainjinia wa Ulaya, haiwezekani kwetu penye rezo inakatika kila saa. Tumjibu kwa hesabu. Hifadhi ya matundu ya serikali ya Marekani, NVD, inamruhusu mtu asiye na ufunguo wake kuuliza mara 5 kwa kila sekunde 30. Programu yenye vipande 800, ukiuliza kimoja kimoja, ni dakika 80. Nani huku Kingi iko na dakika 80 za rezo isiyokatika?

Lakini tangu mwaka 2021 kuko hifadhi nyingine, OSV, iliyoanzishwa na Google, wazi kwa wote, bila kulipa. Hiyo inakubali maswali hadi 1,000 ndani ya ombi moja. Unaandika jina la kila kipande, familia yake na toleo lake, unatuma yote mara moja. Majibu yanarudi kwa mpangilio ule ule uliouliza: kipande hiki hakina kitu, kile kiko na matundu mawili, namba zake ni hizi. Maelezo marefu unayafuata kisha, kwa vile vyenye matundu tu. Mega chache, dakika chache.

Ni sawa na chukudu. Hakuna mtu wa Masisi anayeshusha viazi Sake kimoja kimoja. Unapakia gunia zote, unashuka mara moja.

Basi kikwazo si rezo, wala si pesa, wala si akili. Tuko na vijana wenye diplome za informatiki wanaokaa nyumbani bila kazi, na wako tayari kuifanya hii bure. Kikwazo ni kwamba huwezi kuuliza juu ya vipande ambavyo majina yake umefichwa.

Tukumbushane sasa. Mwaka 2018 tuliletewa mashini za kupigia kura kutoka kampuni ya Miru Systems ya Korea ya Kusini, zaidi ya 100,000. Mwezi wa 4 mwaka huo, ubalozi wa Korea ya Kusini wenyewe mjini Kinshasa ulitangaza wasiwasi wake juu ya mashini hizo. Huko Argentina, mradi wa kura ya elektroniki ulikwama kwenye seneti mwaka 2016, kisha wataalamu wa informatiki kuonya. Sisi tuliambiwa tuamini tu. Tarehe 30 mwezi wa 12 tukapiga kura, kesho yake intaneti ikakatwa inchi nzima.

Mwaka 2023 mashini zikarudi. Mwanzo wa mwaka 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, na kati ya makosa iliyoyataja kulikuwa na watu kushika mashini za kura bila haki. Mashini inayoweza kulala usiku ndani ya nyumba ya mgombea, halafu mnatuambia matundu yake hayatuhusu?

Wengine watasema: nyinyi wa Masisi hamkupiga kura 2023, mashini inawahusu nini? Ni kweli, vita ilituzuia, sisi na ndugu zetu wa Rutshuru. Njo maana tunasema kwa nguvu zaidi. Aliyenyimwa kura mara moja kwa bunduki hatakubali kunyimwa mara ya pili kwa programu. Tena kadi ya kura katika inchi hii njo kitambulisho chetu. Hifadhi ile ikitobolewa, hata asiyepiga kura ameibiwa jina. Na franga? Tangu benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, familia nyingi zinaishi kwa pesa ya kwenye simu. Hapo tundu moja linaweza kula chakula cha watoto.

Kuko hoja moja tunayoiheshimu: mkitoa orodha, mnawapa wezi ramani. Lakini mwizi hangoji orodha. Anajaribu matundu yote anayoyajua, kwa mashini zote anazozifikia, usiku na mchana. Anayebaki gizani ni mwenye nyumba peke yake. Ikiwa bado mnaogopa, wapeni kwanza waangalizi wa kura na walimu wa informatiki wa vyuo vikuu vyetu, muzibe matundu, kisha orodha itoke kwa wote.

Wala hatudanganyi mtu. Jibu la OSV likirudi tupu, haimaanishi mashini ni safi. Hifadhi inajua matundu yaliyokwisha kujulikana tu, na programu ambayo kampuni imejiandikia yenyewe haimo. Ile lazima ifunguliwe na kusomwa. Orodha ni hatua ya kwanza. Anayekataa hata hatua ya kwanza anatupa sababu ya kumshuku.

Kwa hiyo tunadai:

1. CENI itoe orodha ya vipande vyote vya programu za mashini za kura, pamoja na matoleo yake, mapema kabla ya kura ijayo.

2. Orodha iwe faili ambayo ordinatere inaweza kusoma, si picha ya karatasi yenye muhuri.

3. Kila mkataba mpya wa Leta wa mambo ya informatiki umlazimishe muuzaji kuleta orodha hiyo. Marekani iliamua hivyo kwa manunuzi ya serikali yake mwaka 2021, na Ulaya ikapitisha sheria yake mwaka 2024. Sheria yetu ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inasema data zetu zilindwe. Basi zilindwe.

4. Kampuni za pesa ya simu zituambie ni lini mara ya mwisho zilichunguza vipande vyao, na ni nani aliyechunguza.

Wandugu, sambazeni tangazo hili. Ulizeni swali hili kwa kila mkutano, kwa kila mgombea, kwa kila mbunge anayekuja kutushika mkono: orodha iko wapi?

Siku itakapotoka, sisi tutatuma ombi moja, na majibu tutayaweka wazi hapa hapa, yawe mazuri au mabaya.

Vijana wa Kingi, Masisi na Walikale