Kusahau Daftari si Utovu wa Adabu

Mtoto aliyetumwa dukani kununua chumvi, kiberiti na mafuta ya taa, noti moja mkononi, hunong'ona njia nzima "chumvi, kiberiti, mafuta", na akiwapitia wenzake wanaocheza gololi hana budi kushindana na nafsi yake, asije akasimama kutazama na kimoja katika vile vitatu kikampotea. Akirudi na vyote, na chenji isiyo na taksiri, huwa amekwisha kufanya yale ambayo wataalamu wa elimu huyahesabu kuwa nguzo za mtu kujiendesha: kuhifadhi maagizo akilini, kuizuia nafsi na matamanio, na kugeuza shauri pale mwenye duka anapomwambia kuwa kiberiti kimekwisha.

Mtoto huyo huyo akisahau daftari la hesabu siku ya pili, shuleni huitwa mzembe na aghalabu huchapwa, na nyumbani huambiwa hana adabu. Ilhali sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayosimamia tadbiri na subira, hukawia kukomaa kuliko nyingine, hata mtu akapita miaka 20 haijatimia. Fimbo humkumbusha maumivu. Njia ya kulikumbuka daftari haimwonyeshi.

Wala isidhaniwe kuwa mambo haya ya kujiendesha ni ya Wazungu. Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipata umaarufu kwa jaribio la kumwekea mtoto kitu kitamu kimoja na kumwahidi cha pili iwapo atangoja. Na watafiti waliolifanya jaribio la namna hiyo kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa kabila la Wanso wa Kamerun, wakachapisha matokeo mwaka 2017, waliona kuwa walioweza kungoja miongoni mwa Wanso, waliozoezwa tangu wadogo kuwatii wakubwa, walikuwa wengi kwa mbali kuliko wa Ujerumani.

Lakini hapo ndipo penye kasoro yetu. Kungoja kwa kuwa mkubwa ameamuru ni jambo moja, na kujipangia siku pasipo mkubwa ni jambo jingine, na hili la pili hatulifundishi: mzazi humwamsha mtoto, humtayarishia mkoba, humtafutia viatu, na mwalimu hupiga kengele, hata kijana afikapo bwenini huwa hajapata kuitawala saa moja ya maisha yake. Sina wa kumcheka, maana mimi mwenyewe niliwahi kupanda bodaboda kumfuata mwanangu shuleni na daftari la jiografia, nikajiona mzazi mwema. Juma la pili akalisahau tena, wala hakuwa na wasiwasi, akijua baba yuko njiani.

Mwalimu anayetoa insha Jumatatu ili ikusanywe Ijumaa angefanya hisani kubwa lau angetumia dakika kumi kuigawa ubaoni pamoja na wanafunzi, Jumanne kutafuta hoja, Jumatano kuandika, Alhamisi kusahihisha, kisha juma lifuatalo akawaachia waigawe wenyewe, akiwauliza tu wamekwama wapi. Nyumbani kazi ni nyepesi zaidi. Jioni ya leo, mzazi mwenzangu, mwulize mwanao kesho ana vipindi gani, kisha kaa kando aupange mkoba kwa mikono yake. Na asubuhi ukiona daftari limesalia mezani, liache hapo hapo.