Thamani ya beki mkongwe katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara

Thamani ya beki mkongwe ni makadirio ya bei ambayo klabu inaweza kumuuzia mlinzi aliyekwisha kucheza misimu mingi, pamoja na nafasi anayostahili kikosini. Mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara wakati wa dirisha la usajili. Kwa wasomaji wa Mkoa wa Tanga, kuanzia pwani hadi Lushoto na Soni milimani Usambara, mfano ulio karibu ni Bakari Nondo Mwamnyeto.

Mwamnyeto alikuwa beki wa kati wa Coastal Union ya Tanga, mabingwa wa ligi mwaka 1988, wanaoitwa "Wagosi wa Kaya" (mgosi kwa Kisambaa ni mwanamume). Mwaka 2020 alisajiliwa na Yanga, na baadaye akawa nahodha. Tarehe 2 Julai 2022 Yanga ilikutana na Coastal hiyohiyo mjini Arusha katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Mchezo uliisha 3-3 na Yanga ikashinda kwa penalti. Huku milimani, wengi siku ile hawakujua washangilie upande gani. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa kwa kanuni ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger.

Wakati huohuo walinzi wengine walikuwa wanakuja. Dickson Job alitoka Mtibwa Sugar mwaka 2021, na Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM ya Zanzibar mwaka 2022. Polepole wawili hao wakawa chaguo la kwanza, na nahodha akaanza kuzoea benchi. Ndipo lilipozuka swali: kwa nini asiuzwe?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Bei ya mchezaji hutegemea umri na muda uliobaki katika mkataba wake. Kwa kanuni za FIFA, mkataba ukibakiza miezi sita mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine, na ukiisha anaondoka bure. Kwa hiyo beki aliyekaribia miaka 30, asiyeanza kila mechi, haleti fedha nyingi.

Jibu la pili ni la kikosi, na kwa maoni ya mwandishi ndilo zito zaidi. Klabu inaruhusiwa kusajili idadi maalumu tu ya wageni, na kila nafasi ya mgeni inayotumika kwa beki wa akiba inapungua kwa mshambuliaji. Mzawa anayeweza kuingia dakika yoyote bila kuvuruga safu, katika msimu wenye ligi, kombe na mechi za Afrika, ni ghali kumbadilisha hata kama ni rahisi kumnunua.

Erasto Nyoni anaonyesha njia nyingine. Alidumu Simba kuanzia 2017 hadi 2023 kwa sababu aliweza kucheza kama beki wa kati, beki wa kulia au kiungo, kisha akaenda Namungo, ambako uzoefu wake ulikuwa na nafasi zaidi uwanjani. Kwa mkongwe anayetaka kucheza kila wiki, klabu ya kiwango cha kati ndiyo soko lake halisi. Kwa Mwamnyeto, Coastal ingefaidika naye sana, lakini tatizo ni mshahara, ambao klabu nyingi za mikoani hazina uwezo wa kuulipa.